Sababu Zilizobaki Daftarini

Kabla mkongo wa SEACOM haujafika Dar es Salaam mwaka 2009, kusanidi seva ya tawi la mkoani ukiwa makao makuu kulihitaji subira. Mawasiliano yalipita kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, kwa hiyo herufi uliyoibonyeza ilijitokeza kwenye skrini baada ya zaidi ya nusu sekunde. Uliandika amri nzima bila kuiona, ukaingoja itokee, ukaisoma upya, ndipo ukaithibitisha. Hakuna aliyekurupuka.

Na kila amri iliandikwa. Chumba cha seva kilikuwa na daftari la kaunta, limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza lisitembee. Mkuu wetu wa kitengo, tuliyemwita Mzee, hakukubali mtu aguse faili la mipangilio kabla ya kupita hapo. "Mwanangu, andika unachotaka kufanya, na kwa nini," alikuwa akituambia. Kalamu ya bluu ilikuwa ya amri, nyekundu ya sababu. Nakumbuka vizuri ukurasa wa seva iliyohakiki watumiaji. Kwa bluu: weka saa sawa kabla ya kuwasha huduma nyingine yoyote. Chini yake, kwa nyekundu: betri ya ubao mama imekwisha, umeme ukikatika saa inarudi nyuma, na Kerberos ikiona tofauti inayozidi dakika 5 inawakataa watu wote. Ukiusoma ukurasa ule ulijua la kufanya, na ulijua pia mashine ile inaumwa wapi.

Siku zile sizipambi. Seva zilizosanidiwa kwa mkono hazikufanana hata kama zilinunuliwa pamoja. Faili moja lilikuwa na nakala zake pembeni: la jana, la juzi, na jingine limeitwa "zuri" bila tarehe. Diski ikifa, ulivaa sweta kwa ajili ya baridi ya kiyoyozi, ukafungua daftari, ukaijenga mashine upya mstari kwa mstari mpaka alfajiri.

Dawa ilikuwepo ulimwenguni kitambo. Mark Burgess alikuwa ameitoa CFEngine mwaka 1993 akiwa Chuo Kikuu cha Oslo, na Puppet ikafuata mwaka 2005. Kwetu iliyokata kiu ni Ansible, aliyoianzisha Michael DeHaan mwaka 2012. Haikutaka upandikize programu yake kwenye kila seva. Iliingia kwa SSH ile ile tuliyokuwa tukiitumia, na Python ikiwepo upande wa pili, kazi inaanza. Kwa ofisi yenye matawi ya mbali hilo lilikuwa jambo kubwa. Unaandika kwenye faili hali unayotaka: kifurushi hiki kiwepo, huduma hii iwe inawaka, saa ifuate Africa/Dar_es_Salaam. Unayakusanya majukumu yanayokwenda pamoja, na kesho unayaita tena kwa seva nyingine bila kuyaandika upya. Faili lililoandikwa vizuri ukiliendesha mara ya pili halibadilishi kitu, kwa sababu kila jambo linakaguliwa kwanza. Mistari inateremka kwenye skrini: kijani kwa kilichokuwa sawa, njano kwa kilichobadilishwa, nyekundu kwa kilichoshindikana. Mara ya kwanza kuona matawi yote yakiwa kijani, Mzee alisimama nyuma yetu akatazama mpaka mwisho.

Kilichoniuma kilikuja baadaye. Tulipohamisha daftari kwenda kwenye faili, zilihamia zile za bluu tu. Hakuna kilichokataza nyekundu: alama moja ya reli mwanzoni mwa mstari inatosha kuandika maelezo, na Git inakuomba kabisa ueleze kila badiliko. Lakini ukiifungua historia yetu utakuta "marekebisho", kisha "marekebisho" tena. Daftari lenyewe lilitupwa pamoja na makaratasi ya zamani ofisi ilipohama. Mzee alikuwa ameshastaafu.

Vijana wa sasa ni hodari kuliko tulivyokuwa, na kabla ya kunywa chai wanasimamisha seva ambazo sisi zingetula wiki. Juzi mmoja wao, akilipanga upya faili, aliniuliza, "Kaka, hii ya saa mbona ipo juu kabisa? Naweza kuishusha?" Nikamweleza habari ya betri na Kerberos. Alisikiliza, akaandika sababu juu ya jukumu lile kabla ya kuendelea, na nilifurahi mno.

Kisha akateremka hadi kwenye mstari unaopunguza ukubwa wa pakiti kuwa 1400 kwenye njia ya tawi moja tu. "Na huu?" Ulitoka daftarini, hilo nina hakika, na nilikuwepo ulipoandikwa. Sababu yake ilikuwa kwa nyekundu. Hakuna aliyebaki anayeikumbuka, na mpaka leo hakuna anayethubutu kuufuta.