Mkono Usiopenda Kupumzika

Kazi yangu tangu ujana ni ukarani wa mahakama ya kadhi hapa Mombasa, kuandika daftarini nikaha na talaka, wasia na mirathi za watu, na kabla tabibu yeyote hajanigusa, hati yangu ndiyo iliyonipa habari, kwani herufi zilianza kupungua ukubwa toka mwanzo wa mstari hata mwisho wake, mpaka kadhi akaniuliza kwa upole, "Karani, wino umekuwa ghali?" Baadaye kidole gumba cha kulia kikaanza kutetemeka. Tabibu wa mishipa ya fahamu akanieleza kuwa haya ndiyo maradhi aliyoyaandika James Parkinson wa London mwaka 1817, nayo hutokana na kufa kwa chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini. Nikajipigia mistari mipana kwa rula, nikaendelea na kazi.

Ajabu ya mtetemo wangu ni kwamba huzidi mkono ukilala mapajani, na hupungua ushikapo kalamu. Kwa hiyo jamaa walioninasihi nistaafu nikapumzike walikuwa, bila kujua, wakinipeleka pale pale maradhi yaliponingojea.

Kuficha sikutaka. Mbele ya wadaawa, mkono unaotetemeka hufasiriwa kuwa ni hofu, na hofu ya karani anayeandika mirathi huzaa tuhuma; basi asubuhi moja, kwa idhini ya kadhi, niliwaeleza wote waliohudhuria maradhi niliyo nayo na yanavyonifanya. Bibi mmoja, ambaye shauri lake la shamba lilikuwa limekwisha kuzeesha mawakili, akasema, "Pole, mwanangu. Mimi nilidhani waniogopa."

Tangu hapo dawa yangu, levodopa, naimeza hadharani saa yake iwadiapo, mbali na mlo wa samaki na nyama, maana protini huizuia kupenya mwilini. Nayo ikishika ndipo niandikapo, ikififia husoma majalada.

Siku hizi wapo wanijiao si kwa nikaha wala mirathi, bali kwa ajili ya baba zao waburutao miguu, na swali lao kubwa ni upupu, kwa kuwa wamesikia, na ni kweli, kwamba mbegu zake zina levodopa hiyo hiyo. Huwajibu kwamba mbegu ya porini haina kipimo kinachojulikana, kisha nawaandikia, kwa herufi kubwa, jina la kliniki na siku ya tabibu.