Yasmin, Denge na Sisi: Siku Tatu za Sinema Unguja

Mpenzi msomaji, nianze kwa kukwambia kwamba mimi si mchambuzi wa sinema. Sijui kamera inategwaje wala taa zinakaa upande gani. Mimi ni yule mtu wa siti ya katikati mwenye bisi mkononi, anayemsemesha mwigizaji ("dada, usifungue huo mlango!") mpaka jirani anaguna. Lakini kiingilio ninacholipa ni kilekile anacholipa mchambuzi, kwa hiyo na mimi maoni yangu nayatoa.

Safari hii nayatoa kutoka Unguja. Mimi na mume wangu tulivuka na boti ya asubuhi, kama saa mbili hivi kutoka Dar, tukiwa na siku tatu za mapumziko na jambo moja ambalo tuliapa hatutalizungumza. Kazini kwao wamempandisha cheo. Cheo kiko Dodoma, na barua inataka jibu ndani ya wiki mbili. Kazi yangu mimi iko Posta, katikati ya Dar, na naipenda. Barua tuliiacha nyumbani kwenye droo, tukafunga na ufunguo.

Tulifikia kwenye hoteli ndogo ya Mji Mkongwe, nyumba ya kizamani yenye ua wa ndani. Ina utaratibu ambao ningeomba hoteli zote za pwani ziuige: usiku, baada ya Isha, wanatandaza kitambaa cheupe ukutani, wanawasha projekta, wageni wanakaa kwenye mikeka na mito. Hakuna cha tiketi. Unaagiza chai ya tangawizi, unatazama.

Usiku wa kwanza waliweka *Vuta N'kuvute*. Ni sinema ya mwaka 2021 ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo wengi wetu tuliikuta shuleni. Ilioneshwa Toronto mwaka huohuo, na baadaye Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar, jambo ambalo sisi hatulifanyi kila siku. Hadithi ni ya Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yupo. Yasmin ni binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume mwenye umri wa baba yake. Anatoroka ndoa, anavuka kwenda Ng'ambo, anapokelewa na Mwajuma, mwimbaji wa taarab. Huko anakutana na Denge, kijana wa harakati anayewindwa na polisi. Mwisho sikwambii.

Maoni yangu? Kwanza, ni sinema nzuri mno kwa macho. Kila kona inang'aa: ukuta wenye ukungu, kanga, moshi wa sigara, mvua. Wakati mwingine inang'aa kupita kiasi, mpaka ile dhiki ya Ng'ambo inafanana na tangazo la manukato. Pili, ina mwendo wa polepole. Kama umezoea tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili, ambako kila dakika kumi mtu anapigwa kofi, utapiga miayo. Mimi nilipiga, mara mbili. Tatu, Siti Amina aliyecheza Mwajuma anaiba sinema yote. Akicheka, uani kwetu watu walicheka naye. Akiimba, hata mhudumu aliyekuwa anakusanya vikombe alisimama.

Lakini kilichonikaa ni Yasmin. Tulipotoka tulishuka Forodhani kutafuta urojo, tukakaa kwenye ukuta unaotazama bahari, na mume wangu akaanza kumsifu. "Umemwona yule binti? Akipenda, kapenda. Denge yuko hatarini, yeye yuko naye. Ndiyo mapenzi yale."

Nikamwuliza, "Na Denge kamfuata wapi Yasmin?"

"Denge ana mapambano, mke wangu. Ana nchi ya kukomboa."

"Sawa. Yasmin kaacha nyumba, kaacha mume, kaacha ndugu zake, kavuka kaingia upande ambao kwao hata kuutaja ni aibu. Sasa anabeba na hatari za Denge. Kila mtu kwenye hii sinema ana jambo kubwa, na kila mara anayefungasha ni yeye."

Akanyamaza. Akaongeza pilipili kwenye urojo ambao tayari ulikuwa na pilipili. Nadhani wote wawili tulisikia kwamba hatumzungumzii Yasmin peke yake. Droo ya Dar ilikuwa imefunguka palepale Forodhani, bila ufunguo.

Kesho yake tulitembea. Ukishaitazama *Vuta N'kuvute*, Mji Mkongwe hauuoni tena kama mtalii wa kununua vikoi. Unaanza kuangalia nani alikaa upande gani. Tulivuka ile barabara kubwa ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Creek Road, siku hizi ikiwa na jina la Benjamin Mkapa. Zamani palikuwa na mkono wa bahari hapo. Huku mji wa mawe, kule ng'ambo ya maji. Ndiyo maana pakaitwa Ng'ambo. Leo unavuka kwa hatua ishirini ukikwepa bodaboda, na mbele yako yanasimama maghorofa marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Vichochoro vya Mwajuma havionekani tena hapo. Mume wangu alisimama akapima umbali kwa macho. "Ni karibu hivi?" Nikamwambia, karibu kwa miguu.

Halafu tukaenda Vuga kuangalia Majestic. Msomaji, ukifika Unguja usiishie kwenye milango iliyonakshiwa, nenda na Vuga. Jumba la sinema lililokuwapo hapo kabla liliungua, hili likajengwa miaka ya 1950 kwa mtindo wa mistari iliyonyooka na kona za mviringo, kama meli iliyopanda nchi kavu. Kwa miaka mingi ukumbi wake umekaa bila paa, na wapo Wazanzibari wanaopigania litengenezwe liwashe tena taa.

Mzee mmoja alikuwa amekaa barazani jirani na pale. Tulimwamkia, akatukaribisha. Nilipomwambia tumekuja kuangalia sinema, alicheka. "Mmechelewa, wanangu." Akatuhadithia Jumapili za ujana wake: mtu anapiga pasi suruali tangu mchana, bibi anatoka na buibui limefukizwa udi, foleni inazunguka, na anayekosa tiketi anainunua kwa mlanguzi bei mara mbili. Picha zenyewe zilikuwa za Kihindi. Alipoulizwa aliyoipenda, hakufikiri hata kidogo: *Awaara* ya Raj Kapoor.

Hilo halikunishangaza. Mwanahistoria wa Kimarekani Laura Fair, ambaye mwaka 2018 alitoa kitabu kizima kuhusu kumbi za sinema za Tanzania, *Reel Pleasures*, ameandika jinsi *Awaara*, sinema ya mwaka 1951, ilivyowashika Wazanzibari. Na sababu aliyoiona ni hiyohiyo iliyotukalisha Forodhani usiku wa manane. Watu walitoka ukumbini wakabishana njia nzima: mtu aoe anayempenda au anayechaguliwa na wazazi? Damu inamfanya mtu mwizi, au malezi? Binti ambaye asingethubutu kumwambia mama yake "simtaki huyo" aliweza kumsema yule wa kwenye picha, na mama akaelewa. Yaani kumbe Waswahili walikuwa na ushauri nasaha wa ndoa miaka mingi, wakiulipia kiingilio getini.

Sisi siku hizi tunatazama zaidi kuliko wao na tunabishana kidogo kuliko wao. Kwetu yeye ana simu yake na vita zake, mimi nina simu yangu na Wakorea wangu, kila mtu na spika zake masikioni, kitanda kimoja. Ukicheka peke yako, mwenzako anakuuliza "nini?", unamjibu "hamna".

Kabla sijafika usiku wa pili, nimalizie deni moja la Dar, maana nilimwahidi mdogo wangu nitaitaja. *Mufasa*, ile ya simba iliyotoka Desemba 2024, tuliitazama Mlimani City. Kwa watoto ni bomba. Kwa mtu mzima anayejua Kiswahili ni kichekesho ambacho waandishi wake hawakukusudia. Simba anaitwa Taka. Anakua akiitwa Taka, anapendwa akiitwa Taka, halafu tunatakiwa tushangae akiharibikiwa! Na nchi ya ahadi wanayoitafuta inaitwa Milele. Ukumbi wetu ulicheka mahali ambapo nadhani Marekani walikuwa wanafuta machozi. Ila nimtetee Taka kidogo: anampenda Sarabi, Sarabi anampenda Mufasa, na hakuna aliyekaa naye chini kumwambia ukweli mapema. Basi, yatosha.

Usiku wa pili uani waliweka *Supa Modo*, ya Likarion Wainaina wa Kenya, ya mwaka 2018. Nilikuwa nimeiona peke yangu kwenye simu na nilisema ni nzuri, nikalala. Usiku ule sikulala. Jo ni mtoto wa miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona, na anapenda sinema za mashujaa wanaoruka angani. Mama yake anamtoa hospitali, anamrudisha kijijini na kumfungia ndani ili awe naye siku zilizobaki. Dada yake Mwix anakataa. Anakishawishi kijiji kizima kimfanye mtoto aamini ana nguvu za ajabu, na mwisho wanamtengenezea sinema yake mwenyewe. Yumo na jamaa wa kibanda cha video anayetafsiri picha papo hapo kwa mbwembwe, kama alivyokuwa akifanya Lufufu kwenye kanda zetu za Bongo. Uani walicheka wote, wageni na wenyeji, kisha kwa pamoja wakaacha kucheka.

Kuna mahali dada na mama wanazozana, mmoja anataka kumlinda Jo, mwingine anataka Jo aishi. Wote wanampenda, na wote wana haki. Ni sehemu bora kuliko zote nilizoziona mwaka huu, na haina mtu anayeruka wala gari linalolipuka. Niligeuka kumtazama mume wangu. Alikuwa amejifunika uso kwa kikoi, eti vumbi.

Chumbani ndipo alipoyasema. Kwamba hakuwahi kuniuliza kama nataka Dodoma. Aliniuliza tu tutahama lini. Nikamwambia mimi simfungii mtu mlango, na cheo ni haki yake, lakini sitabeba furushi kwa sababu ya desturi tu. Tukaanza hesabu. Treni ya SGR inafika Dodoma tangu Julai 2024, safari ya saa tatu na nusu hivi. Akaze miezi sita peke yake, wikiendi moja aje yeye, nyingine niende mimi, halafu tuone. Aliuliza nani analipa nauli. Tulibishana mpaka adhana ya alfajiri, na sijawahi kuufurahia ubishi kama ule.

Bado hatujakubaliana yote, na jibu la barua linatakiwa wiki ijayo. Katikati kuna Ijumaa, na Ijumaa nimeshamwekea *Binti* ya Seko Shamte, ya mwaka 2021. Ni wanawake wanne wa Dar, kila mmoja na zigo lake, na nyumba moja iliyopambwa vizuri ambamo kuna mwanamume wa kuogopwa. Sauti yake si safi kila mahali na hadithi ya mwisho ningeirefusha. Lakini kuna maswali mle ndani nataka nimsikie akiyajibu, sebuleni, kwenye televisheni kubwa, simu zote mbili zikiwa chumbani.