Barbara Kimenye na Haki ya Mtoto ya Kucheka

Fasihi ya watoto husomwa na wengi na kuhakikiwa na wachache. Vitabu vya Barbara Kimenye viliuzwa nakala zaidi ya milioni moja katika Afrika Mashariki na kwingineko barani, lakini jina lake halionekani sana katika tahakiki, na linapoonekana hutajwa pembeni, kana kwamba kumchekesha mtoto ni kazi isiyohitaji usanii. Dai la insha hii ni kwamba mchango mkubwa wa Kimenye umo katika kicheko hicho hicho. Alikataa kumfanya msomaji mchanga kuwa chombo cha kumiminiwa mawaidha.

Kimenye alizaliwa mwaka 1929 mjini Halifax, kaskazini mwa Uingereza, na kusomea uuguzi jijini London. Huko alikutana na Bill Kimenye, mwenyeji wa Bukoba, wakaoana, na katikati ya miaka ya 1950 wakahamia kwao mume, ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Ndoa ilipovunjika alikwenda Kampala pamoja na wanawe wawili, akatumikia serikali ya Kabaka Mutesa II, kisha akawa mwandishi wa magazeti, kazi aliyoiendeleza Nairobi tangu mwaka 1965. Mwaka huo huo ilichapishwa Kalasanda, diwani ya hadithi za kijiji cha Buganda, ikafuatwa na Kalasanda Revisited mwaka 1966. Katika hadithi hizo majivuno madogo madogo ya wanakijiji yanatazamwa kwa jicho la mtu aliyeijua jamii kwa kuingia humo na kuishi nayo: hayadharauliwi, wala hayatukuzwi.

Jicho hilo ndilo lililomzaa Moses mwishoni mwa miaka ya 1960. Moses na rafiki yake King Kong wanasoma katika shule ya bweni ya Bwana Mukibi, ambayo jina lake refu linadai kuwa ni taasisi ya elimu kwa wana wa mabwana waungwana wa Kiafrika. Kinaya kiko wazi hata kwa msomaji wa miaka kumi, kwani wanafunzi wa shule hiyo ni wale waliokwisha kufukuzwa kwingine. Tukumbuke majira yenyewe. Uhuru ulikuwa mchanga, na shule ilitazamwa kama ngazi ya pekee ya kumtoa mtoto kijijini na kumfikisha ofisini. Katika majira hayo Kimenye anachora shule ambayo fahari yake imo katika jina tu. Hii ni tashtiti ya kijamii, ingawa haikuandikiwa watu wazima.

Nafasi yake inadhihirika zaidi akilinganishwa na jadi ya maandishi ya Kiswahili waliyosomeshwa watoto. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952, jina la mhusika mkuu lenyewe ni fundisho, na wema na ubaya hupata malipo yanayostahiki. Ni kazi bora ya sanaa, lakini iliacha warithi wengi walioiga mawaidha yake bila kuurithi ufundi wake. Moses hana jina la maadili. Mara nyingi anajikuta matatani bila kukusudia, na ananusurika kwa akili, kwa bahati, au kwa upumbavu wa wakubwa. Ana undugu na Sungura na Abunuwasi, ambao fasihi simulizi haikuona haja ya kuwatubisha. Hata hivyo yeye si mjanja kama hao. Ni mtoto wa kawaida, na ndiyo maana msomaji humwamini.

Yawezekana kudaiwa kwamba Kimenye alihamisha tu hadithi za shule za bweni za Uingereza na kuzivika nguo za Kiafrika, tena kwa Kiingereza. Kuhusu umbo, dai hilo lina ukweli. Lakini hadithi za Kiingereza za aina hiyo kwa kawaida huiheshimu shule hata zinapomcheka mwanafunzi, ilhali Kimenye anaicheka shule yenyewe, mwalimu mkuu akiwa wa kwanza. Suala la lugha ni zito zaidi. Mtoto aliyemfurahia Moses alijifunza, bila kuambiwa, kwamba raha ya kusoma hupatikana kwa Kiingereza, na kwamba vitabu vya Kiswahili ni vya mtihani. Lawama hiyo haimwangukii Kimenye peke yake. Inawaangukia pia waandishi wa Kiswahili waliomwachia uwanja wa kicheko, wachapishaji waliotafuta kwanza kitabu kitakachoteuliwa kutumika shuleni, na wahakiki ambao hawakuona kwamba pana pengo.

Katikati ya miaka ya 1970 Kimenye alirudi London. Mwaka 1986 akaja tena Uganda, na mwaka 1989 akahamia Kenya. Mwaka 1997 alitoa Beauty Queen, kitabu cha vijana, akiwa na umri unaokaribia miaka sabini. Mwaka uliofuata alirejea London, alikofariki mwaka 2012, akiwa ameandika vitabu zaidi ya hamsini. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada angeweza kuanza na swali moja tu: ni katika kitabu gani cha Kiswahili cha watoto ambapo mwalimu mkuu anachekwa, na mtoto aliyecheka haadhibiwi kabla ya ukurasa wa mwisho?