Foleni ya Bomba, Nyarugusu

Uvira, mashariki mwa Kongo, ilipoanguka mwishoni mwa Oktoba 1996, mama hakungoja habari zaidi. Aling'oa kichwa cha cherehani yake kutoka kwenye meza, akakifunga kwa kitenge, akatukokota sisi watoto wanne hadi ufukweni Baraka. Kichwa hicho ndicho kilichokuwa nauli. Mwenye boti alikuwa mvuvi wa dagaa. Alishusha nyavu na karabai zake mchangani ili watu wapate pa kukaa, na wavulana tukagawiwa makopo ya kuchotea maji yaliyokuwa yakiingia kupitia mbao. Nilikuwa na miaka 12. Ziwa Tanganyika wengi hulisifu kwa uzuri na kina chake. Mimi usiku ule nililijua kwa makopo tu, chota mwaga, chota mwaga, hadi viganja vikachubuka. Kulipopambazuka tukaona milima ya Kigoma.

Baba alibaki kulinda nyumba. Alisema vita itapita baada ya wiki mbili.

Haikupita. Waasi wa AFDL ya Laurent-Désiré Kabila, wakiungwa mkono na Rwanda, walisonga mbele mpaka Kinshasa, na Mei 1997 Rais Mobutu akaondoka. Hayo niliyasoma baadaye. Wakati ule, kwa sisi Wabembe wa pwani ya Fizi, maelezo ya vita yalikuwa mafupi mno: wametufukuza wale wanaosema Kinyarwanda. Mnyamulenge, Mnyarwanda, Mrundi, wote walitiwa kapu moja. Kwamba majirani zetu Wanyamulenge, Watutsi wa Kongo, nao walikuwa wameuawa na kufukuzwa Septemba ileile, kabla yetu, na katika miji ileile ya pwani tuliyoikimbia, hilo nyumbani kwetu halikusemwa. Nililisikia mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, tena kutoka kwa mgeni.

Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Novemba 1996, wilayani Kasulu, Tanzania, katikati ya miombo. Tulipewa turubai, sufuria, blanketi na kadi ya mgao. Mgao ulikuwa unga wa mahindi, maharage, mafuta na chumvi. Mbembe kula ugali wa mahindi kila siku ni adhabu, kwa hiyo kabla hata ya kuota mboga nje ya vibanda, biashara ilikwisha kuota: kina mama walibadilishana mahindi kwa muhogo na Waha wa Makere, kijiji cha jirani. Wakubwa wa misaada waliiona biashara ile kama ushahidi kwamba chakula kimezidi. Hakuna aliyeuliza tunakula nini.

Mwaka uliofuata mama alimwandikia baba kwa karatasi ya Msalaba Mwekundu. Barua zile huwa wazi, hazifungwi gundi, na haziruhusiwi kubeba neno la siasa wala la vita. Ni habari za familia pekee. Aliandika kwamba watoto wazima, wa mwisho ameota meno, na kichwa cha cherehani asikitafute. Barua ilirudi ikiwa na alama ya kuonyesha kwamba mwandikiwa hakupatikana. Ameihifadhi hadi leo pamoja na kadi za kliniki za wadogo zangu.

Nilisoma kambini, kwa mtaala wa Kongo na kwa Kifaransa, katika nchi inayofundisha kwa Kiswahili na Kiingereza. Nilipomaliza sekondari nikawa mwalimu palepale. Mkimbizi hapati mshahara, hupewa posho, na hawezi kutoka kambini bila kibali, maana sheria ya wakimbizi ya 1998 inamtaka akae eneo alilopangiwa. Kuanzia 2005 meli zilianza kuwarudisha watu Baraka. Mjomba wangu alirudi. Mama alikataa. "Nirudi kwa nani?" alituuliza, na hakuna aliyekuwa na jibu. Kambi ya Lugufu ilipofungwa mwaka 2009, waliobaki huko waliletwa kwetu, na Nyarugusu ikawa ndiyo Kongo yetu ndogo, yenye makanisa, vinyozi, kwaya na siasa zake za baraza la zoni.

Kisha ikaja 2015.

Aprili mwaka huo Pierre Nkurunziza alitangazwa kugombea urais wa Burundi kwa muhula wa tatu, na watu wakaanza kutoka. Makumi ya maelfu waliteremka hadi Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, mpakani kabisa. Wakati ule hakukuwa na barabara ya gari iliyofika pale. MV Liemba, meli ya Wajerumani iliyoanza kuelea ziwani tangu Vita vya Kwanza vya Dunia, ilitumwa kuwachukua. Lakini Kagunga haikuwa na gati, hivyo watu walipelekwa na mitumbwi hadi ilipotia nanga, wakapandishwa mmoja mmoja. Waliteremkia Kigoma, wakalala uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawaleta kwetu. Kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuwapata Kagunga, na baadhi walifika nacho.

Shule yangu ilifungwa ili walale madarasani. Makanisa nayo yakajaa. Wakongo wengi walikasirika, na sitawalaumu: mtu aliyesubiri miaka 18 kwenye kibanda cha udongo, leo anaona lori la blanketi mpya likimpita. Mwalimu asiye na darasa hana kazi, kwa hiyo walipotafutwa watu wa kujitolea wanaojua kusoma na kuandika, nilijiandikisha. Siku ya kwanza nilikabidhiwa buti za mpira, glavu na pampu ya mgongoni ya kupulizia klorini.

Asiyewahi kuingia hema la kipindupindu ajue hivi. Kitanda ni cha turubai na kina tundu katikati. Chini ya tundu kuna ndoo, na kando ya kichwa kuna ndoo ya pili ya matapishi. Kazi yangu ilikuwa kusoma ndoo: kupima kilichotoka, kuandika kwenye karatasi iliyoning'inia kitandani, ili muuguzi ajue arudishe maji kiasi gani mwilini. Kisha naimwaga shimoni, nasafisha, narudi. Mgonjwa akinywa maji ya chumvi na sukari mapema huinuka upesi mno. Mzee niliyemwona asubuhi macho yamezama, kesho yake alikuwa akiuliza kama kuna tumbaku. Akichelewa, huondoka kwa saa chache. Muuguzi wa zamu alikuwa Mha wa Kasulu. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu, kwa hiyo yeye aliongea nao moja kwa moja na kunitafsiria mimi. Usiku, wagonjwa wakilala, alinifundisha. Lugha niliyolelewa kuiogopa nilianza kuisema nikiwa nimeshika ndoo.

Mama hakupenda. Aliniwekea sahani yangu nje ya nyumba, akasema ni kwa sababu ya ugonjwa. Wiki moja ilipopita alisema lililokuwa moyoni.

"Mwanangu, wale ndio watu wanaojua baba yako yuko wapi."

"Mama, wale wamekuja na watoto na magodoro."

"Na sisi tulikuja na nini?"

Sikumjibu. Hakukusudia kuwatetea, lakini swali lile lilikwenda mbali kuliko alivyolituma.

Kipindupindu kilidhibitiwa baada ya wiki chache. Kilichofuata hakikuwa na chanjo. Kambi ilikuwa imejaa kupita kiasi, na kabla baadhi ya Warundi hawajahamishiwa kambi za Nduta na Mtendeli, bomba lililohudumia majirani wanaojuana lilipokea vijiji viwili visivyoelewana. Maji yalifunguliwa kwa saa maalumu. Watu walipanga madumu tangu alfajiri, wengine wakaweka mawe badala ya madumu, na kila mmoja akadai jiwe lake lilitangulia. Asubuhi moja nilikuta dumu la mama mmoja wa Kirundi limepigwa teke hadi mtaroni, mwenyewe kashika kigingi cha uzio, na vijana wetu wamemzunguka wakimwambia arudi kwao. Kufikia jioni vijana wa upande wa pili walikuwa wamekusanyika na fimbo.

Mpango wa amani ulikuwapo, usidhani haukuwapo. Zilifanyika semina. Tulipewa soda, fulana zenye maneno ya upendo, na bango la kupigia picha. Nimehudhuria nyingi, na fulana zake nafanyia kazi shambani. Semina haina ubaya, ila anayekwenda semina ni yule asiye na dumu kwenye foleni.

Kilichosaidia kilianza na wazee wawili. Wabembe tuna lubunga, mahali ambapo wanaume wa kijiji hukaa na kuamua mashauri. Warundi wana bashingantahe, wazee wanaosikiliza kesi hadharani na kusuluhisha. Mmoja wa kwetu na mmoja wa kwao walikubali kukutana chini ya mwembe uliokuwa kati ya zoni zao, kwa sharti moja: mimi nitafsiri na nisiongeze langu. Kikao cha kwanza kilihusu vita tupu. Kila mmoja alihesabu wafu wake. Mzee wetu aliposema jinsi Baraka ilivyokimbiwa, mwenzake alieleza jinsi alivyokimbilia Uvira mwaka 1993 baada ya Rais Ndadaye kuuawa, akafukuzwa tena na vita ileile iliyotutoa sisi. Walikuwa wamekimbia vita moja, mwezi mmoja, kwa njia tofauti. Ukimya ulikuwa mrefu, kisha mzee wetu akauliza, "Basi hili la maji tunalifanyaje?"

Hawakulijua, kwa sababu wazee hawateki maji. Wakawaita kina mama, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipofanyika. Mawe yakapigwa marufuku. Kila kaya madumu mawili kwa zamu, wajawazito na vikongwe wakitangulia. Ufunguo wa bomba ukawa kwa wanawake wawili, mmoja Mkongo na mmoja Mrundi, na bila wote wawili kuwapo bomba halifunguliwi. Kipengele hiki cha mwisho kilipendekezwa na yule aliyepigiwa dumu teke. Kilionekana cha kipuuzi, lakini kilifanya kazi kuliko vyote, maana mmoja akiugua, watu wa pande zote mbili walikwenda kumjulia hali ili maji yapatikane.

Mama yangu alichaguliwa kushika ufunguo kwa upande wetu. Alikubali kwa shingo upande, kwa sababu, alisema, hakumwamini Mkongo mwingine yeyote asiibe zamu. Mwenzake alikuwa fundi wa kushona. Mazungumzo yao ya miezi ya mwanzo yalihusu pindo na vifungo, basi. Baadaye walinunua cherehani moja kuukuu kwa ubia, na mteja alishonewa na yeyote aliyekuwa hana zamu ya bomba.

Tangu hapo nimeitwa kwenye mengi, na mengine yamenishinda. Kuni ni tatizo gumu kuliko maji. Wanawake wakitoka nje ya kambi kutafuta kuni hupigwa na hata kubakwa. Wenye mashamba nao huona miti yao ikiisha na muhogo wao ukichimbwa usiku. Tumekaa na wazee wa Makere, tumekubaliana siku na njia za kupita, na makubaliano yamevunjwa na pande zote. Huwezi kusuluhisha ukosefu wa nishati kwa hotuba. Penye jiko banifu na mkaa mbadala ugomvi hupungua, vinapokosekana hurudi. Mgao nao ulipokatwa mwaka 2023, wizi wa chakula uliongezeka, na kesi tulizokuwa tumezimaliza zikafunguka upya. Msuluhishi mwenye njaa ana subira fupi.

Machi mwaka huohuo Wakongo wengine walianza kuvuka ziwa kwa mamia, wakikimbia mapigano ya mashariki. Waliowapokea zoni yetu walikuwa kamati ileile ya bomba, na Warundi ndio waliowapikia chakula cha kwanza. Mmoja wa wageni, kijana wa Fizi, aliposikia Kirundi alisukuma sahani. Mama alimketisha, akamwambia ale kwanza, ataambiwa mengine akishiba. Alikula.

Wadogo zangu wawili wako Marekani, kwa mpango uliowachukua maelfu ya Wakongo wa Nyarugusu. Faili langu lilikwama njiani. Mimi bado napokea posho ya mtu wa kujitolea, na kwenda Kasulu kukutana na viongozi wa wilaya kuhusu migogoro ya kuni bado nahitaji kibali cha kutoka, ambacho mara nyingine hufika baada ya kikao kwisha. Ombi langu kwa wanaopanga mambo ya kambi ni dogo: kamati za bomba, za kuni na za wazee ziwe na kiti kwenye vikao vinavyoamua maji, nishati na urejeaji, na wajumbe wake wapewe vibali vya kudumu. Vikao hivyo tayari vinafanyika. Viti vipo.