Saa Moja ya Maneno Yangu

Nilikuwa na umri wa miaka 46 nilipoingia darasani kwa mara ya kwanza tangu nimalize kidato cha nne. Vijana waliokaa mbele walisimama wakaniamkia, "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia marahaba, kisha nikaenda kukaa kwenye kiti cha nyuma kabisa. Darasa zima lilicheka. Nami nilicheka, ingawa mkono ulioshika daftari ulikuwa ukitetemeka.

Usharikani watu waliniuliza kwa nini saikolojia, katika umri ule, na duka nina na uongozi wa kina mama ninao. Niliwajibu kwamba Mungu ameniita. Halikuwa jibu la uongo, ila lilificha jambo, na jambo lenyewe ndilo hili.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwanakwaya wetu mmoja alijifungua mtoto akiwa amekwisha kufa. Siku ya nne nilikwenda kumtembelea. Nilikaa naye kama saa moja, na saa hiyo yote nilisema mimi. Nilisoma zaburi, nikaomba, nikamwambia kwamba Mungu hakosei, kwamba yeye bado kijana na atapata mwingine, kwamba afute machozi asionekane kama asiye na tumaini. Akayafuta. Akanishukuru, akanisindikiza mpaka nje kwa adabu. Jumapili hakuja, wala Jumapili zilizofuata. Baadaye mama yake mkubwa aliniambia, bila kunitazama usoni, "Mwanangu anasema tangu siku ile ulipokuja, hana tena mahali pa kulilia."

Nilikaa na maneno hayo muda mrefu kabla ya kuchukua fomu za chuo.

Chuo kikuu moja kwa moja nisingeweza, maana kidato cha sita sikufika. Lakini hapa kwetu Tanzania mtu wa namna yangu ana mlango wa pembeni: ukiwa na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne unaweza kuanza na cheti, ukapanda hadi stashahada, na ukimaliza kwa wastani usiopungua 3.0 kati ya 5, unaruhusiwa kuomba shahada. Miaka mitatu ya kwanza, kisha mitatu mingine. Mume wangu alihesabu kwa vidole akasema, "Utamaliza umeshakuwa bibi." Nikamwambia hata nisiposoma, bibi nitakuwa.

Mzee mmoja wa kanisa aliniita pembeni akanionya kwamba masomo hayo hupoteza imani. Sikumdharau. Mwaka 1927 Sigmund Freud alitoa kitabu akisema dini ni ndoto tu inayozaliwa na hamu ya mwanadamu ya kuwa na baba wa kumlinda. Wiki tuliyosoma hayo sikulala vizuri. Hoja yake haikunishinda, lakini niliziona baadhi ya sala zangu mle ndani: zile za kumwambia Mungu aondoe haraka kila kinachoniogopesha, pamoja na machozi ya watu wengine.

Baadaye tulimsoma Carl Rogers. Kabla hajaingia katika saikolojia, Mmarekani huyu alisoma theolojia katika seminari moja ya New York, akaiacha. Yeye alifundisha kwamba mtu huanza kupona anapopata mwenzake anayemsikiliza na kumpokea bila masharti. Mhadhiri akatupanga wawiliwawili: mmoja aeleze jambo linalomsumbua kwa dakika tano, mwingine asikilize tu. Mimi dakika ya kwanza haikwisha. "Mama, umenikatiza tena," alisema kijana niliyepangiwa, ambaye ni rika la mwanangu wa tatu. Nilimwomba radhi, tukaanza upya, nikamkatiza tena.

Jioni ile nilifungua Wafalme wa Kwanza 19, sura niliyowafundisha kina mama mara nyingi. Siku zote nilikuwa nakimbilia ile sauti ndogo ya utulivu. Sasa niliona nilichokuwa nakiruka. Eliya amelala chini ya mretemu akiomba afe, na malaika hamhubirii. Anamgusa, anampa mkate na maji, anamwacha alale tena.

Masomo mengine nisiyasimulie sana. Kiingereza kilinichosha, neno la mhadhiri la huzuni nzito inayomlaza mtu kitandani halikunikaa mpaka nilipolikuta kwa Kiswahili, sonona. Nilipata sapu ya takwimu, nikalia chooni kama binti wa kidato cha pili, nikarudia mtihani. Nilimaliza kwa 3.2. Barua ya kukubaliwa kusoma shahada imo kwenye kabati, chini ya vitenge.

Kabla ya matokeo hayo nilikwenda tena kwa yule binti. Biblia nilikuwa nayo mkobani, sikuitoa. Alikuwa anachambua mchele uani. Nilimwomba msamaha kwa ile siku, kwa maneno machache kadiri nilivyoweza, kisha nikavuta ungo upande wangu tukachambua pamoja. Alinyamaza muda mrefu sana. Mara tatu sentensi nzuri ilinijia mdomoni, na mara tatu niliimeza.

Mwishowe akasema, "Nilimpa jina."

Nikamwuliza ni jina gani. Akalitaja, akaacha kuchambua, akaanza kulia. Nami sikumwambia anyamaze. Kwaya hajarudi. Lakini Alhamisi nikipita na mzigo wa dukani hunivutia kigoda, na wiki iliyopita ndiye aliyenituma nimwulize mchungaji kama jina hilo linaweza kutajwa kanisani siku ya kuwakumbuka waliotutangulia.