Hadithi Njoo

Ndugu msomaji, hebu nieleze: fasihi simulizi inafundishwaje kwa chaki? Kitabu chasema ni fasihi ya mdomo, fanani na hadhira wakiwa ana kwa ana. Haya, wanafunzi wananakili hivyo daftarini, kimya utadhani wako msibani.

Mimi nafundisha Kiswahili katika shule moja ya kata mkoani Tanga. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu, hivyo iko moja tu, yangu, pamoja na spika ndogo ya kuchaji. Nyumbani napakua podikasti, yaani vipindi vya sauti vinavyowekwa kwenye mtandao. Darasani sihitaji tena intaneti. Jina hilo lilianza kuonekana mwaka 2004, lakini jambo lenyewe si geni. Redio Tanzania ilirusha vipindi vya shule tangu enzi za wazazi wetu. Tofauti ni kwamba redio haikungoji. Ukichelewa, imepita hiyo. Podikasti unaisimamisha, unauliza swali, unairudia. "Mwalimu, rudisha hapo!" Sina sentensi niipendayo zaidi.

Mwenzangu mmoja alicheka: "Unafundisha au unapiga disko? Mtihani ni wa karatasi, bwana." Kweli ni wa karatasi. Sikubishana.

Swali zito lilitoka dawati la nyuma. Binti mmoja alisema, "Mwalimu, huyu msimulizi hatuoni wala hatusikii. Bado ni fanani?" Loo! Kitabu hakikuwa na jibu.

Tukaamua kurekodi ya kwetu. Bibi mmoja jirani na shule alikubali, nikawasha simu. "Hadithi, hadithi!" akaita. Vijana wakaikodolea macho simu. Bibi naye akanyamaza, kisha akafoka: "Kwani hadithi inakuja pasipoitwa?"

"Hadithi njoo!" wakaitikia.

Tulipoisikiliza darasani, darasa zima liliitikia tena, hata wale ambao hawakwenda. Yule binti akanyosha mkono: "Sisi tumempata fanani. Yeye ndiye aliyekosa hadhira."

Basi nikarekodi vile walivyoitikia, na Ijumaa tukampelekea bibi. Alisogeza spika sikioni, akasikiliza hadi mwisho.

"Mnaitikia kivivu hivi?" akasema. "Hebu rudieni."