Si Kila Mgonjwa Aliyenyamaza Ametulia



Ndugu wasomaji, mimi ni muuguzi, na kila wanapokuja wanafunzi wapya wodini huwasisitizia jambo hili: neno "ametulia" lisiandikwe kwenye faili mpaka mgonjwa azungumzishwe.

Iko hali inayowapata wagonjwa, hasa wazee, kwa sababu ya maambukizi, upasuaji, upungufu wa maji au baadhi ya dawa. Akili huchafuka kwa muda wa saa au siku chache, tena hupanda na kushuka: asubuhi anakutambua, usiku hajui alipo. Madaktari huiita deliriamu. Anayepayuka na kung'oa dripu huonekana mara moja. Anayesinzia kimya husifiwa kwamba hasumbui.

Mwaka 2001 Dk. Sharon Inouye na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 797 wenye miaka 70 na zaidi. Kati ya waliokuwa na hali hii, wauguzi waliwatambua asilimia 31 tu. Wanaosinzia ni miongoni mwa waliopitwa zaidi.

Kwetu yalimfika shangazi yangu, aliyelazwa kwa homa ya mapafu katika hospitali nisiyofanyia kazi. Binti yake aliona mama hajui kama ameshaswali Adhuhuri, na Alhamdu anaianza akaiachia katikati. Faili likasema siku mbili mfululizo: "Ametulia, amelala." Jirani akasema ni majini, aletwe mtu wa kumsomea. Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni kheri, wala hakuzuii vipimo. Nilimwambia binti amweleze daktari mabadiliko yalianza lini. Shangazi alipopimwa, oksijeni ilikuwa imeshuka. Alitibiwa, na fahamu zikarudi polepole, alhamdulillah.

Wanafunzi wangu huwafundisha kipimo kiitwacho CAM, kilichochapishwa na Dk. Inouye na wenzake mwaka 1990. Kina maswali manne. Je, mabadiliko yameanza ghafla na yanapanda na kushuka? Je, mgonjwa anashindwa kuweka makini? Je, maneno yake hayana mpangilio? Je, amekuwa msinzifu, au amechangamka kupita kiasi? Yakiwepo mawili ya kwanza pamoja na la tatu au la nne, daktari aitwe. Makini hupimwa kwa jambo dogo tu, kama kumwambia ataje siku za wiki kinyumenyume: Ijumaa, Alhamisi, Jumatano. Kisha jibu liandikwe pamoja na saa, kwani muuguzi wa zamu ya usiku hakumwona mgonjwa asubuhi.

Ndugu zangu, swali la kwanza muuguzi hawezi kulijibu peke yake. Nyinyi ndio mnaojua mzee wenu alivyokuwa juzi. Basi msione haya kusema, "Baba si kawaida yake hivi, ameanza jana jioni," na muombe liandikwe. Mpelekeeni na miwani yake, aone yuko wapi na yuko na nani.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Wabillahi tawfiq.